Ulanzi na Kimeng'enya Kinachojizuia

Fosfofruktokinasi ni kimeng'enya kinachosaidia kuamua sukari itumike kwa kasi gani ndani ya seli. Kimo katika misuli ya binadamu, katika majani ya chai ya Mufindi, na katika hamira zinazougeuza utomvu wa mianzi kuwa ulanzi, pombe ya Iringa na Njombe.

Ulanzi hugemwa msimu wa mvua. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hutundika mbeta, kikombe cha mwanzi huohuo, na kila akirudi hukata upya kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Utomvu ukiwa mbichi ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Hamira za porini huuvamia mara moja, na ukikaa huwa mkangafu, wenye kulevya.

Ndani ya hamira sukari huvunjwa kwa hatua nyingi. Katika hatua ya fosfofruktokinasi, fosfeti hutolewa kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kubandikwa kwenye fruktosi ambayo tayari ina fosfeti moja. Sukari ikishavuka hapo hairudi kirahisi, kwa hiyo udhibiti mkubwa umewekwa hapo.

Ajabu ni kwamba ATP, ambayo ni malighafi ya kimeng'enya hiki, ndiyo pia inayokizuia. Inapotumika kama malighafi huingia mahali pa kazi. Ikizidi, hujishikiza pia mahali pengine, mbali na hapo; umbo la kimeng'enya hubadilika na uwezo wake wa kuishika sukari hupungua. AMP, inayoongezeka ATP inapotumika sana, hukiamsha tena. Mwaka 1980 Emile Van Schaftingen na Henri-Géry Hers wa Ubelgiji waligundua kiamshi chenye nguvu zaidi, fruktosi-2,6-bisfosfeti. Kimeng'enya cha hamira kina vipande vinane vilivyoshikamana, na badiliko la kimoja huvigusa vingine.

Udhibiti wa namna hii huitwa wa alosteri. Jacques Monod, Jean-Pierre Changeux na François Jacob wa Paris waliueleza mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba kidhibiti hakihitaji kufanana na malighafi, kwa kuwa hakigombanii nayo nafasi. Ndiyo maana habari za upande mmoja wa seli zinaweza kuamuru kazi ya upande mwingine kabisa.

Kabla ya hapo, mwaka 1861, Louis Pasteur alikuwa ameona kwamba hamira ikipata hewa hutumia sukari kidogo zaidi. Bila oksijeni, molekuli moja ya glukosi huipa hamira ATP mbili tu. Penye oksijeni huipa nyingi zaidi, na breki ya fosfofruktokinasi hukaza. Maelezo hayo hayatoshi kwa ulanzi, kwa sababu hamira ya pombe ikikuta sukari tele huchachua hata penye hewa.

Sukari yenye fosfeti mbili inayotoka kwenye kimeng'enya hiki nayo ni kidhibiti. Ndani ya hamira huamsha kimeng'enya kingine cha mbele, pairuvati kinasi. Katika baadhi ya bakteria wa asidi ya laktiki, jamii inayopatikana pia kwenye ulanzi, molekuli hiyohiyo hujishikiza pembeni mwa kimeng'enya kinachotengeneza asidi na kukiongezea kasi.