Mita 30 na Mwamba wa Kisauni: Namna ya Kuandaa Mapitio ya Machapisho ya Kihandisi

Makala ya utafiti inayopelekwa kwenye jarida la uhandisi hutanguliwa na ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja unaotaja swali, mbinu na matokeo, kisha hufuata utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Sehemu inayowaangusha waandishi wengi chipukizi, hata hivyo, ni mapitio ya machapisho, ambayo ni uchambuzi wa yale yaliyokwisha kuandikwa juu ya tatizo lile lile, ili msomaji aone watafiti wanakubaliana wapi, wanapingana wapi, na ni pengo gani linalobaki. Wengi huyageuza kuwa orodha ya nani alisema nini mwaka gani, na orodha ya namna hiyo, hata ikiwa ndefu, haijamweleza msomaji lolote.

Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, inatoa mfano mzuri. Huko wakazi wengi huchota maji ya visima kwa kuwa ya bomba hayatoshi, na mara nyingi kisima na choo cha shimo vimo katika kiwanja kimoja. Mhandisi anayetaka kuandika juu ya umbali ufaao baina ya viwili hivyo atakutana tena na tena na kipimo cha mita 30. Kipimo hicho kimo katika mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, lakini toleo lake la 2018 linaongeza papo hapo kwamba umbali uzidishwe penye miamba yenye nyufa na mawe ya chokaa, na upunguzwe penye udongo laini. Mwandishi mmoja akinukuu namba na kuliacha sharti, wa pili akamnukuu wa kwanza bila kuusoma mwongozo wenyewe, na wa tatu akamfuata wa pili, mita 30 hugeuka kuwa kama kanuni ya maumbile. Kosa hilo si dogo, kwa maana mwisho wake ni maji ya kunywa ya watu.

Ripoti ya kijiolojia ya Caswell ya 1953 kuhusu eneo la Mombasa na Kwale inaeleza mawe ya matumbawe na mchanga wa ukanda huu wa pwani. Matumbawe ni chokaa, na penye nyufa na mapango maji machafu hupita upesi bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga. Ripoti hiyo kongwe yafaa isomwe pamoja na sura ya Munga na wenzake, iliyotoka 2006 katika kitabu kuhusu uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi barani Afrika, inayoichunguza Kisauni yenyewe.

Kutoka nje ya pwani kuna mapitio ya kimfumo ya Graham na Polizzotto ya 2013 kuhusu vyoo vya shimo na maji ya chini ya ardhi. Mapitio ya kimfumo ni yale ambayo mwandishi hutangaza mapema atatafuta wapi, kwa maneno gani, na kwa vigezo vipi atakubali au kukataa chapisho, ili mwingine aweze kuirudia kazi yake. Wao walibakiwa na tafiti 24 tu, idadi ambayo kwa swali linalogusa mamilioni ya watu ni ndogo mno.

Kazi yenyewe hufanyika katika jedwali ambalo kila utafiti una mstari wake, na safu zake ni aina ya ardhi, kina cha maji, umbali, kipimo cha bakteria na msimu, kwa sababu sampuli ya kiangazi hailinganishwi hivi hivi na ya masika, maji ya kisima yanapopanda. Safu zilizobaki tupu ndizo pengo la utafiti. Mhakiki, yaani mtaalamu anayeisoma makala kwa niaba ya mhariri kabla haijakubaliwa, huulizia hapo hapo, na mwandishi aliyejaza jedwali lake kwa uaminifu hataandika kwamba umbali salama ni mita 30. Ataandika kwamba kipimo hicho kina sharti, na kwamba visima vilivyochimbwa katika matumbawe ya Kisauni vinaangukia ndani ya sharti hilo.