FANGASI SI FUMANIZI

"Dada, shemeji yako kahamia sebuleni. Analala kwenye kochi."

Hiyo ndiyo simu iliyonitoa Dar Ijumaa moja asubuhi. Aliyepiga ni binti wa shangazi yangu, kaolewa Korogwe, mimba yake ina miezi sita. Nikadhani wamegombania hela ya matumizi, yale mambo ya kawaida ya ndani. Kumbe! Mdogo wangu alikuwa anawashwa ukeni, na ute mzito mweupe kama mtindi unamtoka. Akamwambia mumewe wakatafute dawa. Mume, badala ya kuuliza dawa shilingi ngapi, akauliza: "Umeitoa kwa nani?"

Msomaji wangu, ndoa ngapi zimeingia ufa kwa swali hilo hilo?

Nikaamua nipitie kwanza Handeni kumwona shangazi mwenyewe, maana nilisikia naye hali si nzuri. Basi likanishusha Mkata, nikapanda gari la Handeni mjini. Shangazi ninayemjua mimi ana mwili wake, na akicheka anasikika nyumba ya tatu. Niliyemkuta amekaa mkekani, kitenge kinamzunguka mara mbili, haongei.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu," akajibu huku kaziba mdomo kwa kiganja.

Nikambembeleza afungue kinywa. Ulimi mweupe pe! Ndani ya mashavu kuna utando, na pale ulipobanduka pamebaki pekundu, panatoka damu. Ugali haupiti, hata uji unamuunguza. Wiki ya tatu hiyo, na hospitali hajakanyaga. Kisa? Akanivuta karibu akaninong'oneza: "Majirani wanasema ninao."

Jamani! Mama mmoja kahukumiwa kwa ukimwi, binti yake kahukumiwa kwa umalaya, na hakuna hata mmoja aliyepimwa. Wakati mshukiwa alikuwa mmoja, tena anajulikana hospitali zote. Anaitwa kandida.

Huyu kandida ni nani?

Ni fangasi, ndugu yake wa mbali ni hamira tunayoumulia maandazi. Usishtuke nikikwambia kwamba huenda unaye sasa hivi unaposoma hapa. Anaishi mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wengi wenye afya zao, kimya kimya, hana ugomvi na mtu. Bakteria wazuri na kinga ya mwili ndio wanaomfanya akae na adabu. Walinzi hao wakilegea, anazaliana kupita kiasi, na hapo ndipo muwasho na utando vinapoanza.

Kwa hiyo mara nyingi hukuambukizwa na mtu. Fangasi imetoka mwilini mwako mwenyewe. Wataalamu hawaihesabu fangasi ya ukeni kuwa ugonjwa wa zinaa, na inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya wanne wataipata walau mara moja maishani. Watatu kati ya wanne! Sasa wote hao ni malaya?

Na lile la "mchafu huyo, haogi" nalo tuliache. Handeni ni mji uliozoea shida ya maji, na wanawake wengi huko wamesimangwa kwa hilo. Ukweli ni kwamba kujiosha ndani kwa sabuni au marashi kunaweza kuongeza tatizo, maana kunawavuruga wale walinzi. Uke unajisafisha wenyewe, wewe osha nje kwa maji inatosha.

Nani yuko hatarini zaidi?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kwa mtu mwenye nguvu zake, kandida ni usumbufu tu. Kwa wengine ni kengele inayolia kwamba ndani kuna jambo:

- Mjamzito, kwa sababu homoni zimepanda.
- Mwenye kisukari, maana sukari ikizidi mwilini kandida anapata karamu.
- Anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka.
- Mtoto mchanga, na mzee mwenye meno ya bandia asiyoyavua usiku.
- Anayetibiwa saratani, au anayetumia dawa za jamii ya steroidi, ikiwemo ile ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Ukishavuta, sukutua kwa maji na uteme.
- Aliyetumia antibayotiki, hasa kwa muda mrefu.

Hilo la mwisho lilinigusa, maana chini ya mto wa shangazi nilikuta vidonge vya rangi mbili, kanunuliwa na jirani bila cheti. Antibayotiki inaua bakteria, haiui fangasi. Kwa hiyo shangazi wiki zote hizo alikuwa anawaua walinzi na kumwachia mwizi nyumba!

Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari, kijana mpole, akamuuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kumuuliza. Mama, usiku unaamka mara ngapi kukojoa? Mara nne, tano. Kiu? Namaliza ndoo, mwanangu. Akamshauri apime vyote viwili, sukari na VVU, naye akakubali. VVU hana. Sukari ilisoma 21. Kwa mtu mwenye dalili kama zake, ikifika 11.1 saa yoyote ya siku, hicho ni kisukari.

Hebu fikiria. Mama alikuwa anajificha uani kwa ugonjwa asiokuwa nao, huku ugonjwa alionao unamtafuna.

Na kama ingekuwa VVU?

Swali hilo nilijiuliza njiani, na jibu langu ni lile lile: angepaswa kuwahi. Utando wa mdomoni usiopona ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka hatua ya 3 ya maradhi ya VVU. Ukishuka kwenye koo la chakula, mtu akawa anaumia kumeza hata mate, hiyo ni hatua ya 4. Zamani dalili hiyo ilitisha kwa sababu dawa hazikuwepo. Lakini Tanzania ilianza kutoa ARV bure katika mpango wa taifa mwaka 2004. Anayepimwa na kuanza dawa, kinga yake inapanda na kandida anarudi kwenye adabu yake. Anayejificha ndiye anayeumia.

Tatizo hili watafiti wetu wenyewe wamelifanyia kazi. Mwaka 2008 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 220 wenye VVU na fangasi ya mdomo, waliotibiwa Muhimbili. Dozi moja kubwa ya flukonazoli, miligramu 750, ilifanya kazi sawa na miligramu 150 za kila siku kwa wiki 2. Hiyo si ruhusa ya kwenda dukani kujinywea! Flukonazoli ikikutana na baadhi ya vidonge vya kisukari inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwambie daktari kila dawa unayotumia.

Na mizizi je? Tanga nzima inajua waganga wake, na si wa kubezwa. Mwaka 2006 watafiti walichapisha mahojiano na waganga wa Pwani, Dar, Morogoro na Tanga, wakaorodhesha mimea zaidi ya 30 inayotumika kwa maradhi ya aina hii, na baadhi ilishaonyesha maabara kwamba inaweza kumzuia fangasi. Lakini dawa ya maabara inapimwa kipimo, ya chungu inategemea mkono wa mchotaji. Mzizi unaweza kuondoa utando, ila hauwezi kukwambia sukari yako ni 21. Kama unatumia, sema, na kapime.

Wapo ambao kwao kandida hasumbui tu, anaua. Mtoto njiti, mgonjwa aliyeko chumba cha uangalizi maalumu, mwenye mpira wa dawa kwenye mshipa kwa siku nyingi: kwao fangasi inaweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, na kandida wa aina mbili wamo kundi la juu kabisa. Mmoja ni huyu wetu wa kila siku, *Candida albicans*. Mwingine ni *Candida auris*, sugu kwa dawa nyingi, ambaye ameshapatikana hata hospitalini jirani zetu Kenya.

Korogwe, kwenye kochi

Jumapili nikashuka Korogwe. Shemeji akanipokea vizuri, soda ikaletwa, kochi nikaliona na shuka lake limekunjwa pembeni. Nikamwomba atusindikize kliniki Jumatatu, asikie mwenyewe.

Nesi alimpima mdogo wangu, akamwambia ni fangasi, kawaida sana kwa wajawazito. Akampa klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku 7, akamkanya asinywe flukonazoli bila ushauri, kwani kwa mjamzito ya kumeza inaepukwa. Akapimwa na sukari pia, iko sawa. Shemeji akakohoa.

"Sasa mimi nitibiwe nini, na nani kaileta?"

"Unawashwa?" Nesi akamuuliza.

"Hapana."

"Basi huna cha kutibiwa. Na hakuna aliyeileta, baba. Ilikuwepo. Ujauzito ndio umeiamsha, na huo ujauzito nadhani tunajua kaleta nani."

Wakina mama wote pale benchi wakaangua kicheko. Shemeji naye, baada ya kuona hana pa kukimbilia, akacheka.

Nesi akaongeza jambo ambalo nawe ulishike: ute ukinuka kama samaki, ukiwa wa kijani au njano, ukiwa na maumivu ya tumbo la chini, homa au vidonda, hiyo huenda siyo fangasi kabisa na mwenzako anaweza kuhitaji kupimwa. Vilevile fangasi inayorudi rudi, mara 3 au zaidi kwa mwaka, usiizoee. Kapime sukari, kapime VVU.

Kilichonichoma mimi si fangasi. Ni kwamba nyumba mbili za ukoo wangu zilikaa kimya wiki tatu kwa sababu ya aibu. Sukari ya shangazi ingezidi kupanda, angeweza hata kuzimia tusijue kwa nini.

Shangazi sasa anatumia dawa za kisukari, utando umetoka, na wiki iliyopita alinipigia. Ilibidi nisogeze simu mbali na sikio, sauti imerudi. Kuhusu mdogo wangu sikuuliza mengi, mambo ya ndani ni ya ndani. Nilimuuliza moja tu: "Na lile kochi?"

"Dada, tunakalia wageni."