PC imezeeka, doo ni ya kifaa kimoja: ubadilishe nini?
Tuseme hapo Majoreni una Dell OptiPlex 3010, ile ya ofisi ya enzi za 2012, i5-3470 na RAM ya GB 8. GTA V inakwamakwama. Prosesa iache: Rockstar wenyewe waliipendekeza hiyo hiyo kwa gemu hii. SSD itawasha mashine chapchap, lakini fremu ni zile zile. Nunua kadi ya grafiki, ila usipande matatu ya Ukunda kabla hujafungua kasha. Pawasaplai ni wati 275, kwenye kasha dogo 240. GTX 1050 Ti inatosha: inakula wati 75 kupitia mazabodi, basi chagua isiyodai waya wa ziada. Kasha jembamba? Kadi iwe ya kimo kifupi. Na uione ikiwaka kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, wee rudi na doo yako.