Safari Yetu ya Msitu wa Amani

Wengi wenu mkaao katika nchi ya tambarare, Muheza na Tanga na kando ya mashamba ya mkonge, mmeiona milima ya Usambara ya Mashariki tangu utoto wenu, nayo imekaa mbele ya macho yenu kama picha iliyotundikwa ukutani. Lakini walioipanda kwa kutaka kuiona tu, si kwa kutafuta kazi katika mashamba ya chai wala kwa msiba wa jamaa, ni wachache sana. Mwezi uliopita mimi na watoto wa darasa la kipaimara, pamoja na wazazi watano, tulipanda mpaka Amani, na mhariri ameniomba niwaandikie tuliyoyaona.

Kabla ya kuondoka palikuwa na maneno. Mama mmoja, mtu mzima ambaye mimi humheshimu kama mama yangu mzazi, alisema mbele ya wote, "Mwalimu, tutoe nauli twende kutazama miti? Kwani nyuma ya nyumba yangu hakuna miti?" Watu wakacheka sana. Mimi sikuwa na jibu, nikamsihi aje tu. Akaja, amefunga maandazi yake katika kitambaa, na huyo ndiye aliyetembea akatupita sote.

Tulitoka Muheza alfajiri, tukapita katikati ya michungwa, hata tukafika Sigi, chini ya mlima. Hapo ipo nyumba ya zamani ya stesheni ya gari la moshi. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapo Sigi, upana wake sentimita 75 tu, ili kushusha magogo ya msitu huu. Reli yenyewe imekwisha kung'olewa zamani, na nyumba imebaki kuwa mahali pa kuwapokea wageni. Watoto walitafuta reli katika majani wasiione, wakasikitika.

Toka Sigi tulikwenda kwa miguu, tukiongozwa na kijana wa kijiji kimojawapo cha hapo juu. Na sasa nitajaribu kueleza, ingawa maneno hayatoshi. Huko chini jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Tulipoingia chini ya miti likapotea, kama mtu aingiavyo kanisani kutoka uwanjani mchana. Miti ni mirefu hata shingo inauma kuitazama. Mawe na magogo yamevikwa kuvumwani, na kila jani linadondosha maji, ijapokuwa siku ile haikunyesha mvua. Kijana akatueleza sababu yake: upepo wa bahari ya Hindi huja na unyevu, ukifika kwenye milima hii hupanda, hupoa, nao huwa ukungu na mvua. Majani ya miti huunasa ukungu huo, udongo uliojaa majani makuukuu huyanywa maji na kuyatoa polepole, nayo ndiyo mito iendeleayo kutiririka hata wakati wa kiangazi. Amani hupata mvua kama milimeta 1,900 kwa mwaka.

Mtoto mmoja akapiga kelele, tukadhani ni nyoka. Kumbe ni kinyonga, dume mwenye pembe tatu usoni, wa namna inayopatikana katika milima hii ya Usambara na Nguru. Hata jina lake la kitaalamu limetokana na Derema, mahali pa jirani. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, tukiambiwa ni mnyama wa mkosi. Kijana wetu akamweka juu ya mkono wake, naye akatembea kwa adabu yake ile, hatua moja na kufikiri. Wavulana wawili walithubutu kumgusa. Wa tatu alikataa, nami sikumlazimisha, maana mimi pia sikumgusa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nitake safari hii. Karibu na kijito tulionyeshwa jabali lenye kivuli, na katika nyufa zake yameota maua madogo ya rangi ya urujuani, majani yake manene yenye vinyweleo. Mama yule akainama akasema, "Hili?" Naam, hilo. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta katika nchi hii, akapeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima yao. Toka hapo limeenea ulimwenguni. Ulaya na Marekani watu hulipanda katika vyungu na kuliweka dirishani, na Wajerumani hata leo hulitaja kwa jina la Usambara. Lakini hapa kwao, katika darasa langu la watoto ishirini na wawili, hakuna hata mmoja aliyepata kuliona.

Mimi nilikuwa nimeliona. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tano, kabla ya serikali kuutenga msitu huu mwaka 1997 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta kama 8,380, nilikaa na mjomba wangu huko juu. Tulifyeka miti midogo na vichaka vya chini, tukaiacha miti mikubwa iwe kivuli, tukapanda iliki. Iliki ilikuwa fedha. Sare zangu za shule zilitoka humo, na sitasema uwongo kwamba nilichukia kazi ile. Palikuwa na jabali kando ya kijito nilikochota maji, nalo lilijaa maua haya haya. Mimi nilikanyaga juu yake kila siku. Tulipozidi kufyeka, jua likalipiga lile jabali, kuvumwani ikakauka, na maua yakafa. Baada ya miaka michache udongo ukachoka, iliki ikapungua, na watu wakaangusha hata ile miti mikubwa ili wapande mahindi. Kijito kikawa cha masika tu. Niliwaeleza watoto haya yote palepale, nao walinyamaza kuliko wanavyonyamaza katika mafundisho.

Amani yenyewe tulifika adhuhuri. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo chuo cha kuchunguza mimea, wakaleta miti ya nchi nyingi: mikafuri, midalasini, mipira, mikwinini. Wakati wa vita vya 1914 walipozuiliwa kupata vitu kutoka kwao, chuo hiki kiliwatengenezea askari wao kwinini. Watoto walivunja majani ya mdalasini wakayanusa mpaka nyumbani. Lakini si kila mgeni amekuwa mwema. Mhesi, mti ulioletwa kutoka upande wa magharibi, umeenea sana palipokatwa magogo, maana hukua upesi, na hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu msituni. Ndege hawa tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mabawa yao hufanya kishindo kama mtu akung'utaye mkeka.

Tulipokuwa tukishuka, baba mmoja, ambaye ana shamba mpakani mwa msitu, alinijia kando. Akasema, "Mwalimu, maneno yako ya jabali nimeyasikia. Lakini wewe ulikwisha kusoma kwa iliki hiyo, na sasa unakula mshahara wa kanisa." (Laiti angalijua ni shilingi ngapi!) "Mimi nina watoto sita. Jirani zangu wa Fanusi walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao Ulaya, wakapata ada za shule bila kukata mti. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kupeleka wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakahesabiwa humo. Nami ukiniambia nisifyeke, nile ua?"

Sikupata la kumjibu, wala sioni kwamba alikosea. Nilimwambia tu kwamba shamba la mjomba wangu leo halimlishi mtu, kwa sababu halina maji wala udongo, na kwamba kama nisingesema habari hiyo kwa kuogopa kuulizwa, ningekuwa nimewadanganya watoto. Akanyamaza. Tukaenda pamoja njia yote.

Hata tulipofika kwenye mto Sigi, mama yule wa maandazi alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini. Akaniuliza, "Haya maji yanakwenda wapi?" Nikamwambia yanakwenda kwenye bwawa la Mabayani, na kutoka hapo watu wa Tanga huyanywa. Akafikiri. "Binti yangu yuko Tanga. Kila mwezi hulipa bili ya maji."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwenye shamba mpakani, yeye hulipwa nini kwa kutokata?"

Baba yule akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Mama, wewe ndiwe ungekuwa mwalimu wetu."

Tutakwenda tena baada ya masika, barabara ikikauka. Baba huyo amesema atakuja na mwanawe wa kwanza. Walimu wenye kutaka kuwaleta wanafunzi wao na watupe habari mapema, na kila mtu achukue viatu vya kufunga, koti la mvua na chakula chake. Maandazi ya mama hayatutoshi wote.