Usiseme "Yes" Kabla Hujaelewa: Kiingereza cha Kuagiza Chakula

Tukikaa na wenzetu kupanga bajeti ya mwezi, kodi ya chumba inajulikana, vocha inajulikana, ada ya kutuma hela nyumbani inajulikana. Penye ukungu ni pale palipoandikwa "kula nje". Ukiuliza hela ilienda wapi unaambiwa, "Hata sijui, weita aliuliza, nikasema yes." Basi leo tuongee Kiingereza cha mgahawani, kwa macho ya watu wa hesabu.

Tuanze na Dubai, maana wasomaji wetu wengi mko Ghuba. Hata kama nyumbani kwa bosi mnaongea Kiarabu, mgahawani weita huenda ni Mfilipino, Mhindi au Mnepali, na Kiingereza ndicho mnachokutana nacho katikati. Naye alijifunza kama wewe, kwa hiyo lafudhi isikutie aibu.

Ukishakaa tu, swali la kwanza: "Still or sparkling?" Anauliza maji, ya kawaida au ya gesi. Wengi hujibu "still" wakidhani wamechagua ya bure. Kumbe mara nyingi yote mawili ni ya chupa na yote yanaingia kwenye bili. Swali lenyewe halikupi nafasi ya kukataa, lazima uilete mwenyewe: "No water, thank you." Tuseme chupa ni dirham 15 na unakula nje mara moja kwa wiki. Kwa mwaka ni dirham 780. Kwa kiwango cha dirham 3.67 kwa dola, ambacho kimefungwa hivyo tangu 1997, hizo ni zaidi ya dola 210. Maji tu, jamani!

Walio Uingereza mna bahati kidogo. Mgahawa wenye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapohapo unatakiwa kisheria kukupa maji ya bomba bure ukiomba. Sema "Tap water, please."

Kwenye kaunta za burger na kuku, maswali huja mfululizo. "Make it a meal?" Anataka akuongezee chipsi na soda. "Large?" Anataka kikubwa. Kama unataka burger peke yake, jibu "Just the burger, please." Akitaja jibini au sosi na hujui kama inalipiwa, uliza "Is that extra?" Hilo neno "extra" kwenye menyu lisome hivi: bei inapanda.

Sasa, namna ya kuomba. Sisi tumezoea kusema "naomba wali kuku", ni adabu tosha. Ukiigeuza ikawa "Give me chicken", inasikika kama amri. "Naomba" yetu ni "Can I have", kisha chakula, kisha "please". Chukua hiyo moja, itakufikisha mbali. Angalia pia maneno yanayotudanganya. Kwetu hoteli ni pa kula, wao "hotel" ni pa kulala. Ukisema "soda" Uingereza unaweza kuletewa maji ya gesi yasiyo na sukari, bora utaje jina la kinywaji. Marekani ukiagiza "chips" utapata krispi za pakiti, chipsi zetu ni "fries". Na kwa Waislamu walio Ulaya na Marekani: "bacon" na "ham" kwa kawaida ni nguruwe, na "pepperoni" ya kwenye pizza mara nyingi ina nguruwe ndani, ingawa neno "pork" halijaandikwa. Uliza "Is there pork in this?"

Kinachoumiza zaidi ni bili ya kundi. Mmetoka sita, wewe umekunywa chai na sambusa, mwenzako amekula nyama choma ya mbavu, halafu bili inagawanywa kwa sita. Kukataa mwishoni ni ugomvi. Sema mapema, kabla ya kuagiza: "Separate bills, please." Marekani bili huitwa "check".

Kisha isome hiyo bili. London utakuta "service charge", mara nyingi asilimia 12.5. Ikiandikwa "optional" au "discretionary", ni hiari, na kama huduma haikukuridhisha unaweza kusema "Please take off the service charge." Marekani ni tofauti: kodi huongezwa juu ya bei ya menyu, na weita hutegemea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe dola 2.13 tu kwa saa pale bakshishi inapofidia kilichobaki. Kwa hiyo chakula cha dola 20 kihesabu kama 25 kabla hujaingia. Ukikosa hiyo, nunua cha kubeba: "To go, please."

Kozi ya kulipia kwa ajili ya haya hatuishauri. Jioni chumbani, fungueni menyu kwenye programu ya simu bila kuagiza. Mmoja awe weita na aulize harakaharaka, wa pili ajibu, kisha mbadilishane. Aliyekwama aseme "Sorry, slowly please", halafu aulizwe tena.