Bunduki za Buganda (2): Gololi na Mtutu Wake

Wiki iliyopita tuliishia Februari 1862, kilimani Banda, John Hanning Speke akimkabidhi Kabaka Mutesa zawadi: bunduki ya Whitworth, karabini tatu, bastola, sanduku la risasi na sanduku la fataki. Leo tutazame kilichoingia mtutuni.

Whitworth ilikuwa silaha ya ajabu. Tundu la mtutu wake lilikuwa na pembe sita, na ilipiga mbali kwa shabaha ambayo bunduki nyingine za wakati ule hazikuifikia. Lakini ilitaka risasi zilizotengenezwa kwa ajili yake, na kutoka Banda hadi pwani ni safari ya miezi. Gobori lenye mtutu laini halikuwa na masharti hayo. Gololi yoyote ya madini ya risasi iliyopita mdomoni ililifaa, na misafara ya Zanzibar iliyapandisha magobori kwa wingi kupitia Tabora.

Gololi ilipimwaje? Chukua ratili moja ya madini hayo, gramu 453 na ushei, uigawe sawasawa mara 12. Kila fungu likiwa duara litakuwa na gramu 38 hivi na upana wa milimita 18.5. Mtutu unaoenea gololi hiyo ndio namba 12. Ukigawa mara 16, unapata milimita 16.8. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unapungua. Bunduki za marisawa zinazouzwa leo bado zinahesabiwa kwa ratili ile ile.

Wahunzi Buganda walikuwepo, tena wa kuheshimika. Nuwa Walukaga, aliyeuawa Namugongo mwaka 1886 kwa imani yake, alikuwa mhunzi wa Kabaka. Ila gololi ya chuma haimfai mpigaji: uzito wake ni kama asilimia 70 tu ya ile ya risasi, kwa hiyo kasi yake hufa mapema, na ugumu wake hukwaruza mtutu. Ikiwa ndogo kuliko tundu, nguvu ya baruti huvuja pembeni, gololi hugongagonga kuta, na hutoka ikielekea ilikosukumwa na mgongano wa mwisho. Hapo hata jicho kali halisaidii.

Wapo wanaotamani kuyeyusha gololi nyumbani na kuijaribu katika bunduki ya marisawa ya kisasa. Nawasihi waache. Mitutu mingi imebanwa mdomoni, mingine kwa karibu milimita 1 nzima; gololi iliyoenea vizuri nyuma hukwama mbele. Tena baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Paul Vieille huko Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kupita kiasi kwa vipimo vya gobori. Mtutu ukipasuka, hupasukia mkono ulioushika. Na Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni.

Wiki ijayo: Lugard, bunduki yake ya Maxim, na vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892.