Chuma Kinachokaa Mwilini (Sehemu ya Pili): Titani Mbele ya Kisu cha Kerezo

Wiki iliyopita tuliona kwamba metali ambazo mwili huzivumilia kwa miaka mingi ni chache: chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, aloi ya kobalti na kromi, na titani. Tulimtaja pia Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye mwaka 1952 aligundua kuwa mfupa wa sungura ulikuwa umeshikamana na kifaa chake cha titani hata hakibanduki. Leo tuingie karakana. Titani inayosifiwa na daktari humtoa jasho fundi anayeikereza, na sababu za sifa na za jasho ni zilezile.

Aloi ya titani inayotumika zaidi ina alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Joto hupita ndani yake kwa shida, karibu mara saba pungufu ya chuma cha kawaida. Ukikata chuma, joto jingi huondoka na maranda. Ukikata titani, hubaki kwenye ncha ya kisu. Isitoshe, titani ni nyepesi ya kuungana na vitu vingine. Ikiguswa na hewa tu hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, na utando huo ndio unaoifanya ipatane na mwili. Lakini penye joto kali hung'ang'ania kisu chenyewe na kuyamega makali yake.

Tena titani hunyumbuka. Nguvu inayopinda ufito wa chuma milimita 1 hupinda wa titani karibu milimita 2. Kwa mfupa hiyo ni heri, kwa kuwa chuma kigumu mno hubeba mzigo wote, na mfupa uliokosa kazi hudhoofika. Kwa fundi ni shari: kipande chembamba hukikwepa kisu, kisha hurudi mahali pake, na kipimo huharibika.

Chukua skrubu ya mfupa yenye kipenyo cha milimita 3.5. Hukerezwa kwa mashine iliyobuniwa Uswisi kwa ajili ya vipuri vya saa. Fimbo ya titani hupita katika tundu linaloibana sawasawa, na kisu hukata hapo hapo mdomoni pa tundu, ili fimbo isipate nafasi ya kupinda. Hesi huchongwa na pete yenye visu kadhaa inayoizunguka fimbo kwa kasi na kuimaliza kwa mpito mmoja. Kwa kisu cha kabaidi, mwendo wa kukata titani ni kama mita 60 kwa dakika, ilhali chuma laini huvumilia 200 na zaidi. Kisu kiwe kikali, kipoza kimwagike bila kukatika, na kisu kisiachwe kusugua pasipo kukata. Maranda membamba yakishika moto, maji huuchochea. Mchanga mkavu ndio dawa.

Kipimo kikishatimia, uso wa skrubu bado una hukumu yake. Mguu mmoja wa mtu hukanyaga mara milioni moja hivi kwa mwaka, na mkwaruzo mmoja kwenye shina la hesi unatosha kuanzisha ufa unaokua kwa kila hatua. Ndiyo maana kila ukingo husafishwa na kukaguliwa kwa hadubini, kisha kipande huoshwa hadi kisibaki na mafuta wala chembe ya chuma iliyoachwa na kisu.

Si kila mgonjwa anahitaji titani. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, mifupa mingi ya paja iliyovunjika imeungwa kwa misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa na Dkt. Lewis Zirkle mjini Richland, Marekani, mwaka 1999. Misumari hiyo ni ya chuma kisichoshika kutu, na matundu yake yamechongwa yalingane na kifaa cha kuongozea, hivyo daktari huifunga kwa skrubu bila mashine ya eksirei chumbani. Usahihi wa fundi hapo umeziba pengo la mtambo ghali.

Mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia 2013 hadi mwishoni mwa 2024, ukasafirishwa nje. Duniani, sehemu kubwa ya madini hayo huishia kuwa rangi nyeupe. Kuyeyusha metali yenyewe ni kazi ya viwanda vikubwa, lakini kukereza fimbo iliyokwisha kuyeyushwa ni ufundi unaofundishika. Vyuo vyetu vya ufundi vina vijana wanaojua kerezo. Wapewe mashine zinazofaa, visu vizuri na nidhamu ya kupima, na wakaguzi wa viwango wasiwalegezee kamba. Majeruhi wa pikipiki wanaongoja wodini hawana muda wa kusubiri meli.

Wiki ijayo: kobalti, kromi na kazi ya kung'arisha nyonga bandia.